Ng'ombe Sita wa Mama Mkwe

Zablon Waisiko ndiye aliyekuwa wa kwanza wilayani kumaliza kuhesabu ng'ombe wa kata yake, na laiti angekuwa wa mwisho! Wenzake wa Ringwani na Kisaka walitumia wiki tatu, wakarudi midomo imewapasuka kwa baridi ya alfajiri na viatu vimejaa samadi. Yeye alitumia siku sita. Alirudi nyumbani viatu vinang'aa, kishikwambi kimo kwapani, akamwambia mkewe Christina achinje jogoo.

Zablon alikuwa afisa mifugo wa kata ya Mosarara, na kazi aliyopewa haikuwa ya mchezo. Miaka ya nyuma chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe iligawiwa kwa kukisia. Kata hii inamiminiwa dozi mpaka zinaharibika kwa kukosa barafu, kata ile watu wanashikana mashati kwa chupa moja. Safari hii serikali ikasema basi. Kila ng'ombe aingizwe kwenye mfumo, kompyuta zichambue, zijue wapi mifugo ni mingi, wapi barabara hukatika mvua zikianza, wapi pawekwe akiba. Dawa imfuate ng'ombe, isimfuate mwenye kelele.

Maofisa wote waliitwa Mugumu kwa mafunzo ya siku tatu. Aliyewafundisha alikuwa Dokta Saida, mkuu wa mifugo wa wilaya, mama mmoja mwembamba mwenye ushungi mweupe, asiyependa maneno mengi. Neno lake lilikuwa moja, akalirudia mpaka wakachoka kulisikia. "Msiulize watu. Nendeni zizini alfajiri, ng'ombe wanapotoka, mhesabu kwa macho yenu."

Na Zablon alijua sana kwa nini anasema vile. Nani asiyejua? Mkurya hakutajii ng'ombe wake. Muulize mzee ana ng'ombe wangapi, atakujibu, "Wapo." Mbane, atataja nusu, au nusu ya nusu, maana kuwataja wote ni kuwaitia kijicho, na wewe unayeuliza nani anajua umetumwa na nani. Zablon mwenyewe alizaliwa upande wa Nyamongo, na marehemu baba yake aliingia kaburini bila kumwambia hata mama yao idadi ya mifugo yake. Kwa hiyo asije mtu akasema hakujua. Alijua, lakini alfajiri kuna baridi, na blanketi lina utamu wake, na juu ya hayo alitaka awe wa kwanza.

Basi alifanyaje? Alikaa kwenye kibaraza cha duka, chai ya maziwa mbele yake, akawapigia wazee simu. "Shikamoo mzee. Ng'ombe wangapi hapo kwako?" "Ah, wachache tu mwanangu, kama kumi na wawili hivi." Anaandika kumi na wawili. Anayefuata. Kazi imekwisha!

Palibaki mji mmoja tu, nao ndio uliokuja kumwumbua.

Mji wenyewe uko kijiji cha Gesabha, na mwenyewe ni Nyangi, mjane wa mzee Kisyeri, mama yake Christina. Yaani mama mkwe wake. Sasa hapo tusimwonee Zablon, palikuwa na kikwazo cha kweli. Mkwe haingii uani kwa mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, na wakikutana njiani mmoja wao huacha njia akageukia vichakani mpaka mwenzake apite. Kikurya huitwa ensoni, haya ya ukwe, na kwa miaka kumi na mmoja Zablon na Nyangi waliishika bila kukosea. Salamu zote zilipita kwa Christina. Kumpigia simu pia hakuthubutu.

Lakini angeweza kumtuma mtu! Angemwomba mwenyekiti wa kijiji, au afisa mwenzake wa Kisaka aje asubuhi moja tu, naye amlipe fadhila siku nyingine. Hakumwomba mtu. Alisimama barabarani pikipiki inanguruma, akachungulia juu ya ua wa minyaa, akaona migongo ya ng'ombe sita. Akaandika sita. Akaondoka.

Mwezi uliofuata, kwenye kikao cha Mugumu, ramani ya wilaya ilitandazwa ukutani kwa mwanga wa projekta. Kata nyingine zilikuwa bado na rangi ya njano. Mosarara ilikuwa kijani kibichi. Dokta Saida akamtaja Zablon kwa jina, watu wakampigia makofi, mmoja akamwuliza siri yake ni nini. "Ni kujituma tu," alisema Zablon, kichwa kimemvimba, na jioni ile akanunua shati jipya.

Chanjo ililetwa Septemba. Dozi elfu mbili na mia nne, zimepangwa kwenye makasha ya barafu, kila chupa na namba yake, hesabu ileile aliyoingiza Zablon na nyongeza kidogo. Siku ya kwanza na ya pili mambo yalikwenda, ingawa kwenye vijiji vile viwili vya mwanzo Zablon aliona jambo lililomfanya aanze kutokwa jasho. Mzee wa kumi na wawili alileta ishirini na saba. Wa nane akaleta kumi na tisa. Ng'ombe walikuwa wanashuka mlimani kundi kwa kundi, na kila mmoja aliyeingia kwenye kibanio, ule ujia mwembamba wa nguzo, alichomwa sindano, maana utamwambia nini mwenye mali?

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Gesabha. Kufika saa nne asubuhi makasha yalikuwa matupu, na foleni ya ng'ombe haijafika hata nusu.

Waliokuwa wanafuata ni ng'ombe wa Nyangi. Waliletwa na Anold, mwanawe wa mwisho, kijana mkubwa ambaye Desemba ile alitarajia kupeleka mahari kwao mchumba wake. Nyangi mwenyewe alisimama mbali, khanga kichwani, ameupa umati mgongo kwa sababu mkwe wake yupo.

"Shemeji, bado sisi," alisema Anold.

Zablon alifungua kishikwambi kana kwamba dawa imo humo ndani. "Kwenu hapa imeandikwa sita."

"Sita?" Anold alicheka, akidhani anataniwa. "Shemeji, hebu acha utani. Hawa ni thelathini na mmoja."

"Zitakuja nyingine."

"Lini?"

"Zitakuja, shemeji. Warudisheni nyumbani."

Watu waliokuwa nyuma walianza kunung'unika, lakini afisa amesema zitakuja, na afisa huyu si ndiye aliyepigiwa makofi wilayani? Wakaswaga ng'ombe wao wakarudi.

Na kweli zilikuwepo. Hilo ndilo lililomtafuna Zablon baadaye kuliko yote. Akiba ilikuwa Musoma, kwenye majokofu ya mkoa, imewekwa makusudi kwa ajili ya kata itakayopungukiwa. Hakuhitaji kupiga magoti kwa mtu yeyote. Kwenye kishikwambi kulikuwa na swali moja: Je, ng'ombe wote wa kata wamechanjwa? Ukijibu Hapana, unaandika hesabu ya zamani, hesabu mpya, na sababu ya tofauti, na kesho yake gari linaondoka Musoma.

Sababu ya tofauti. Angeandika nini? Kwamba alihesabu ng'ombe akiwa dukani anakunywa chai? Alikaa juu ya pikipiki yake pembeni ya kibanio kilichobaki kitupu, akayakumbuka yale makofi, akaiona rangi ya kata yake ikigeuka nyekundu ukutani mbele ya maofisa wote. Akabonyeza Ndiyo. Asilimia mia moja. Mfumo ukamshukuru kwa kazi nzuri.

Baada ya siku mbili maofisa wote walipata taarifa kwenye simu zao. Akiba ya mkoa imepelekwa Ringwani, ambako afisa aliripoti kupungukiwa dozi mia tisa. Yule bwana wa Ringwani alikuwa amesema ukweli, hakuona haya, na ng'ombe wake wakachanjwa hadi ndama wa mwisho. Zablon alisoma ile taarifa mara tatu, uso ukamshuka.

Christina ndiye aliyekuwa akileta ujumbe. Wiki ya kwanza alisema, "Baba Waisiko, mama anauliza habari ya chanjo."

"Mwambie inakuja."

Wiki ya pili akasema tena. Wiki ya tatu alimwekea ugali mezani, akasimama badala ya kuketi. "Mama anasema kuna ng'ombe wageni wamenunuliwa mnadani, wanakunywa na wake kisima kimoja, na wanakohoa. Anauliza, hiyo chanjo iko wapi? Nimjibu nini?"

"Mwambie nimesema inakuja! Mimi ndiye ninayeitengeneza?"

Walikuwa wamezaa watoto wanne, Christina alimfahamu mume wake. Zablon alisukuma sahani, akatoka kwenda kuosha pikipiki iliyokuwa safi.

Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga, ila ya Zablon ilikuwa na kona nyingi kwanza. Aliacha kupita barabara ya Gesabha, akawa anazunguka kilomita nane zaidi. Simu ya Anold ikiita, anaiangalia mpaka inyamaze. Kila asubuhi aliapa kwamba leo atampigia Dokta Saida, na kila jioni alijiambia ng'ombe wa watu bado wazima, labda Mungu atapitisha mbali. Jamani, mtu anaweza kutaka Mungu amfunikie uvivu wake!

Mungu hakupitisha mbali. Wiki ya sita Anold hakupiga simu tena, alikuja mwenyewe. Hakukubali kuketi.

"Wamekufa watatu," alisema. "Wengine wanapumua wamenyoosha shingo, mate yanawatoka. Shemeji, kama ulikuwa na kinyongo na sisi ungesema."

"Sina kinyongo, Anold."

"Basi una nini?"

Zablon alitoa simu yake mfukoni. Ilibidi sasa aripoti, maana homa ya mapafu haifichiki. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kimeshalala uani kwa mama mkwe wake kikiliwa na nzi. Dokta Saida alifika kesho yake na wataalamu wawili. Walipasua mzoga mmoja, wakalitazama lile pafu, hawakuhitaji kuulizana. Kijiji kikafungiwa, hakuna ng'ombe kutoka wala kuingia, hakuna mnada, hakuna mahari. Harusi ya Anold ikafa hapo hapo.

Siku tano baadaye ukaitishwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa josho. Walikuja watu wote, hata wanawake waliokuwa shambani. Zablon alisimama upande wa wataalamu akiwa na lile shati lake jipya, akatamani ardhi ipasuke. Christina alikuwa amekuja na bodaboda, akaketi kwa wanawake karibu na mama yake. Nyangi aliketi ubavuubavu, uso kaugeuzia mlimani.

"Sikuja kumlaumu mtu," alisema Dokta Saida. "Nimeleta dozi mpya kwa ng'ombe ambao bado wazima. Lakini mfumo unaniambia Gesabha imechanjwa yote, na macho yangu yananiambia kitu kingine. Nikipeleka tena hesabu ya uongo, kompyuta itagawa dawa kwa uongo, na watu wa kata nyingine watalia kama nyie. Kwa mfano, mji huu wa kwanza kuugua. Umeandikwa una ng'ombe sita. Nani alisema sita?"

Zablon alifungua mdomo. Akaufunga, akatazama viatu vyake.

Ndipo Nyangi aliposimama. Hakugeuka. Alizungumza akiutazama mlima, sauti yake imetulia kabisa.

"Ni mimi, daktari. Mkwe wangu aliuliza kwa kumtuma binti yangu, nami nikamjibu sita. Sisi hatutaji ng'ombe. Kosa ni langu."

Loo, watu walivyomgeukia! "Mama, umetuponza!" alifoka mmoja. "Angesema ukweli dawa isingepunguka!" Mzee mmoja wa kijiji jirani, yule yule wa kumi na wawili aliyeleta ishirini na saba, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba wanawake wasiachiwe mifugo. Dokta Saida aliwanyamazisha kwa mkono, akamwambia Nyangi kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto, "Mama, serikali haiwahesabu ng'ombe wako ili ikunyang'anye. Umeona sasa hasara yake?"

"Nimeona," alisema Nyangi, akainamisha kichwa.

Alikuwa anamfunika. Mwanamke aliyepoteza karibu nusu ya zizi alikuwa anavua nguo yake mbele ya kijiji kizima ili mume wa binti yake asikae uchi. Na Zablon alifanya nini? Alipumua. Mungu amsamehe, alipumua! Alihisi mabega yanashuka, pumzi inaingia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, na akamwona Dokta Saida akiandika kwenye daftari lake kwamba mfugaji alitoa taarifa isiyo sahihi. Akamwacha aandike mpaka nukta.

Kisha akamwona mkewe. Christina alikuwa hamwangalii kwa hasira. Alikuwa ameutazama mchanga, ameshika ncha ya khanga ya mama yake, na Zablon akaelewa kwamba anajua. Alijua, tena alimwona akipumua.

Zablon alisogea mbele hata hajui amesogeaje.

"Mama hakusema sita," alisema.

"Sema kwa sauti, Afisa," alisema Dokta Saida.

"Mama hakusema sita! Hakusema kitu. Sikumwuliza. Sikufika kwake, nilisimama barabarani nikaona migongo sita juu ya minyaa. Na nyie wengine wote niliwapigia simu nikiwa dukani. Sikuingia zizi hata moja katika kata hii." Akamgeukia Dokta Saida. "Chanjo ilipoisha nilijaza kwamba ng'ombe wote wamechanjwa. Akiba ilikuwa Musoma. Nilijua. Nilijua siku ileile."

Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka! Yule mzee mpiga kelele alianza kusafisha koo, akaacha. Anold alisimama mahali alipo, ngumi imekunjwa, akailegeza, akaketi. Dokta Saida alichana ukurasa kwenye daftari, akaukunja, akafungua ukurasa mwingine.

"Haya," alisema, na ule upole wote ulikuwa umekauka. "Tuanze upya. Huyu mama ana ng'ombe wangapi wazima leo?"

Zablon alimtazama Anold.

"Nakuuliza wewe, Zablon."

"Sijui," alisema Zablon.

Nyangi aligeuka. Umati wote ulimwona akigeuka, na wanawake wawili watatu wakaguna, maana haijapata kuonekana. Alimtazama mkwe wake usoni, wazi, jua likimpiga machoni, naye Zablon hakuwa na mahali pa kupeleka macho yake. Alimwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo chini ya jicho, na alifanana sana na Christina.

"Zablon," alisema. Jina lake halijawahi kutoka mdomoni mwake. "Ulipokuja kumwoa binti yangu, ng'ombe wako tuliwahesabu mbele ya watu. Mmoja mmoja, hata ndama. Ulisimama mlangoni mwa zizi wewe mwenyewe, tukikosea unatusahihisha. Siku ile ulijua kuhesabu."

"Mama, nisamehe."

"Walikuwa thelathini na mmoja. Wamekufa kumi na wawili." Alivuta khanga yake ikae sawa begani. "Hao waliobaki wanatoka saa kumi na mbili asubuhi. Kesho njoo. Usisimame barabarani, ingia mpaka zizini. Ile haya tuliyokuwa tunaoneana imekwisha, hakuna tena cha kuogopa."

Akaketi, safari hii amemwelekea, na Christina akaanza kulia.

Alfajiri Zablon alikwenda. Aliiacha pikipiki barabarani, akapita kwenye ua kwa miguu, na hakuna aliyemzuia.